Mwenye Mali na Mwenye Nyundo: Asili ya Kazi ya Chuma katika New England

Katika masimulizi ya mji wa Lynn, ulioko kaskazini ya Boston katika jimbo la Massachusetts, yupo mhunzi wa Kiingereza aitwaye Joseph Jenks, ambaye waandishi wa karne ya 19 walimpa daraja ambayo watu wa kazi za mikono hupewa kwa nadra mno. Alonzo Lewis, aliyeitunga taarikhi ya mji huo, alimsifu kuwa ndiye mtu wa kwanza aliyesubu shaba na chuma katika bara lote la magharibi, na waliomfuata wakaipokea sifa hiyo na kurithishana, hata ikawa ni vigumu kuitaja asili ya chuma cha Marekani bila ya kumtaja yeye. Sifa hiyo, ikipimwa kwa mizani ya hati zilizobakia, haisimami kama ilivyosemwa. Wahispania walikuwa wakiyeyusha na kusubu madini katika Mexico tangu karne ya 16. Na katika Virginia, kando ya kijito cha Falling Creek, Waingereza walianza kujenga kazi za chuma mwaka 1619, zikaja zikaangamizwa tarehe 22 Machi 1622, siku Wapowhatan walipowashambulia walowezi waliokuwa wakiimega nchi yao. Fauka ya hayo, Jenks hakulimiliki tanuri la Saugus, karibu na Lynn, ambalo jina lake limefungamanishwa nalo, wala hakuwa msimamizi wake.

Walakini sifa iliyopita kiasi huwa aghalabu ina sababu yake, na sababu hiyo yafaa kuchunguzwa. Waliokuwa na haki ya kudai kuwa ndio waasisi ni wengi: yupo mwenye shauri, John Winthrop Mdogo; ipo sharika ya matajiri wa Uingereza iliyotoa fedha; yupo Richard Leader, msimamizi aliyejenga; na wapo mafundi na mateka ambao mikono yao ndiyo iliyokata kuni, ikachimba madini na kuushika moto. Kwa nini basi, baina ya hao wote, kumbukumbu ya wenyeji ilimwendea mhunzi mmoja aliyekuwa na kibanda chake pembeni?

Tuanze na haja yenyewe, kwani kiwanda hiki kilizaliwa na dhiki. Koloni la Massachusetts Bay, lililoanzishwa na Wapuritani, lilikuwa katika miaka ya 1630 likiishi kwa wageni: kila mwaka merikebu zilileta watu wenye fedha na bidhaa, nao wakanunua ng'ombe na nafaka kwa wale waliotangulia, hata fedha ya mgeni wa mwaka huu ikawa ndiyo riziki ya mlowezi wa mwaka jana. Ugomvi baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake ulipopamba moto tangu mwaka 1640, hata ukazaa vita mwaka 1642, Mpuritani hakuwa tena na sababu ya kuikimbia Uingereza, na mfereji huo wa fedha ukakauka ghafla. Bei ya ng'ombe ikaanguka, sarafu zikaadimika, na vyombo vya chuma, ambavyo vyote vilitoka ng'ambo, vikawa havinunuliki. Nao walowezi walikuwa hawawezi kuishi bila ya shoka, jembe, msumari na chungu cha kupikia. Hatari hii ilionekana mapema na Baraza Kuu la koloni, ambalo mwaka 1641 lilimwahidi kila atakayevumbua madini kwamba atayafaidi kwa muda wa miaka 21.

Aliyeitikia wito huo alikuwa Winthrop Mdogo, mwana wa gavana, mtu wa elimu aliyejishughulisha na utabibu na kemia. Alisafiri kwenda Uingereza mwaka 1641, akawakusanya wenye mali wakaunda sharika ya kazi za chuma katika New England, na mwaka 1643 akarejea pamoja na mafundi na vyombo. Baraza Kuu nalo likawapa wanasharika, mwaka 1644, haki ya pekee ya kufanya chuma kwa miaka 21, likawasamehe kodi, likawaondolea wafanyakazi wao wajibu wa mazoezi ya askari. Kwa upande wa pili likawawekea sharti mbili, nazo ni hizi: wauze chuma kwa wenyeji kwa bei isiyozidi pauni 20 kwa tani, na wasipeleke ng'ambo ila kile kitakachozidi haja ya nchi. Msomaji azishike sharti hizi, maana ndani yake ndimo ilimojificha mbegu ya ugomvi utakaofuata: matajiri wa London waliweka mali yao ili wapate faida, ilhali koloni liliwapa upendeleo ili lipate chuma rahisi, na kila upande ukadhani ya kuwa mwenziwe amekubali makusudi yake.

Winthrop alijenga tanuri la kwanza Braintree, kusini ya Boston, likashindwa kwa sababu mbili ambazo mhunzi yeyote angezitambua: maji ya kijito hayakutosha kuendesha mivuo, na madini ya karibu yalikuwa machache. Mwaka 1645 sharika ilimwondoa, ikamleta Richard Leader, mtu mwenye ujuzi wa biashara na wa madini, naye akachagua mahali kando ya mto Saugus, ambao wakati huo ulikuwa katika mipaka ya Lynn. Uchaguzi huo ulikuwa wa akili sana. Hapo palikuwa na mteremko wa kutosha kwa bwawa na magurudumu ya maji. Vinamasi vya karibu vilikuwa na madini. Misitu ilikuwa mikubwa. Na maji ya bahari yalipanda mtoni mpaka mahali penyewe, hata mashua ziliweza kufika na kupakia. Inapasa kuongeza kwamba wepesi wa kuipata ardhi hiyo ulikuwa na historia ya msiba: ndui ya mwaka 1633 iliwafyeka wenyeji wa pwani ile, ikamuua Montowampate, mkuu wa Saugus, na nduguye Wonohaquaham, hata walowezi walipotandaza mashamba na bwawa lao hawakukuta wa kuwazuia.

Kazi zilianza kuwaka mwaka 1646, na mahali pakaitwa Hammersmith. Tanuri lenyewe lilikuwa mnara wa mawe wa zaidi ya futi 20 kwenda juu, uliojengwa ubavuni mwa kilima ili watu wavuke darajani na kumimina vitu kwa juu: makaa ya miti, madini ya kinamasini, na mawe meusi yaliyochukuliwa kwa mashua kutoka rasi ya Nahant, ambayo kazi yake ilikuwa ni kuchanganyika na takataka za madini na kuzitoa kama mavi ya chuma. Madini yale ni ya namna ya pekee, kwa kuwa hayachimbwi katika mwamba: maji yapitayo ardhini huyeyusha chuma kidogo kidogo, yakafika kinamasini yakakiacha kikaganda chini ya matope, na wachimbaji huyachota kwa majembe na makoleo marefu. Mivuo miwili mikubwa ya ngozi na mbao, ikisukumwa na gurudumu la maji, ilivuma usiku na mchana kwa miezi, kwani tanuri la namna hii likizimika ovyo hujiziba lenyewe.

Chuma kilipokusanyika chini kilifunguliwa mlango, kikatiririka kama uji wa moto katika mifereji ya mchanga, kikawa mikuo mizito. Au kilichotwa na kumiminwa katika kalibu, kikawa vyungu na masufuria. Lakini mkuo uliotoka tanurini ni mgumu na mwepesi wa kuvunjika, maana umekunywa kaboni nyingi kutoka katika makaa, haufuliki. Kwa hiyo ulipelekwa katika nyumba ya pili, ukayeyushwa tena mbele ya upepo hata kaboni ikaungua, kisha bonge lake likawekwa chini ya nyundo ya paundi 500 iliyoinuliwa na maji, ikalipiga mpaka likawa pau za chuma cha kufua. Nyumba ya tatu ilikuwa na mitambo ya kubana na kupasua pau hizo ziwe fito nyembamba za kufulia misumari, mitambo ambayo hata katika Ulaya ya wakati huo ilikuwa haba. Yaani katika nchi ambayo miaka michache nyuma ilikuwa haiwezi kujitengenezea msumari, lilisimama jengo la ufundi lililolingana na bora ya Uingereza.

Ufundi huo hauletwi kwa merikebu kama shehena. Huja ndani ya watu, na watu wenye ujuzi wa tanuri hawakuwa Wapuritani. Wengi walitoka katika koo za wahunzi ambazo kwa vizazi zilirithishana siri za moto, akina Leonard, Pinion, Pray na Vinton, na baadhi yao asili yao ilikuwa Ufaransa. Daftari za mahakama ya Essex zimejaa kesi zao: kuapa ovyo, ulevi, kugombana, kukosa ibada ya Jumapili; na wake wa mafundi walishtakiwa hata kwa kuvaa nakshi za nyuzi za fedha, pambo ambalo sheria ililiruhusu kwa wenye mali tu. Watawala waliwavumilia kwa kuwa hawakuwa na budi. Mtu aliyeweza kusoma rangi ya mwali kinywani mwa tanuri na kujua kama chuma ki tayari hakuweza kufukuzwa kwa sababu ya matusi.

Chini ya mafundi hao walikuwako watu ambao hawakuulizwa kama wapenda kuja. Baada ya Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge, kuwashinda Waskoti huko Dunbar, Septemba mwaka 1650, mateka wapatao 150 walipakiwa katika merikebu Unity wakapelekwa Massachusetts, nao wakauzwa utumishi wao wa miaka kadha wa kadha, baina ya sita na minane, kwa bei ya pauni 20 hadi 30 kwa kila mmoja. Kiasi cha 60 kati yao walichukuliwa na sharika ya chuma, ambayo mmoja wa wanachama wake, John Becx, alikuwa na mkono katika kuwaleta. Wengi walitiwa msituni kukata kuni, kazi iliyokuwa ndiyo kubwa kupita zote, maana tanuri hula msitu kabla ya kula madini. Mwandishi ye yote atakayegawa sifa za kuanzisha chuma cha New England akawasahau watu hawa, hesabu yake imepungua.

Basi kwa nini jambo lililopangwa vizuri namna hii lilianguka? Wengine wamemlaumu John Gifford, aliyemrithi Leader mwaka 1650, ambaye alitumia sana na kuandika hesabu kidogo. Na ni kweli kwamba madeni yaliongezeka mikononi mwake, sharika ikafilisika mwaka 1653, kesi zikafuatana kwa miaka, na Gifford mwenyewe akaonja kifungo. Lakini kosa la mtu mmoja halitoshi kueleza. Ujira wa mafundi wa Kiingereza ulikuwa juu, na mkaa ulikuwa ghali kwa sababu ya mikono haba, ijapokuwa miti ilikuwa mingi. Bei ya kuuzia ilikwisha kufungwa na Baraza Kuu. Na tatizo lililozidi yote ni kwamba wenye mali walitaka sarafu, ilhali wanunuzi wao walikuwa na mahindi, ngano, nyama na ngozi tu. Baraza liliwaambia waziwazi wapokee mazao ya nchi, nao wakaona kuwa ngano haiwezi kugawiwa kama faida huko London. Walijenga kiwanda kikubwa kupita soko lake, wakakiongoza kwa barua zilizokaa baharini majuma na miezi, wakaja wakashangaa kuona kwamba chuma kipo, wanunuzi wapo, na faida haipo. Kazi ziliendelea kwa kusuasua mikononi mwa wadai na wamiliki wengine, na kufikia mwaka 1670 hivi moto wa Hammersmith ulikuwa umezimika.

Sasa tumwendee Jenks. Alizaliwa London, akabatizwa mwaka 1599, akajifunza kazi ya vyuma vyenye makali, na akafanya kazi Hounslow, nje ya London, mahali ambapo wafua panga wa Kijerumani waliletwa katika enzi ya Charles wa Kwanza. Hata upo upanga uliobakia wenye jina lake pamoja na jina la mahali hapo. Alihamia New England akiwa amekwisha pita umri wa ujana, akakaa kwanza kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Maine. Mwaka 1646, mwezi wa Mei, Baraza Kuu lilimpa hataza ya miaka 14 kwa mitambo ya kuendeshwa na maji, mojawapo ya hataza za mwanzo kabisa za mashine katika makoloni ya Kiingereza. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1648, alipatana na Leader aruhusiwe kujenga kiwanda chake kidogo chini ya tanuri, akitumia maji yale yale yaliyokwisha kuzungusha gurudumu la mivuo.

Ndani ya mapatano hayo ndimo ulimo uzito wa habari yote. Sharika ilijenga bwawa kwa gharama kubwa. Jenks aliyatumia maji yake baada ya wao kumaliza haja yao. Sharika ilifanya pau za chuma. Jenks akazinunua akazigeuza misumeno, visu, mashoka na miundu. Mlowezi alipotaka kununua, hakuhitaji tani moja wala nusu tani, bali kitu kimoja cha kumkatia nyasi za ng'ombe wake kabla ya baridi; na mafundi wa koloni kama yeye walizoea kupokea mazao na kuandikiana deni mpaka mavuno, jambo ambalo wanasharika wa London hawakuliweza.

Tuutazame kwa karibu mundu wake mrefu, ule ushikwao kwa mikono miwili na kufagia majani kwa mzunguko wa kiuno. Ule waliokuja nao Waingereza ulikuwa mfupi na mnene, na unene wake ndio uliokuwa nguvu yake. Ukiupunguza ukapata makali mazuri, unapinda. Jenks alifua ubapa mwembamba na mrefu zaidi, kisha mgongoni akauunganishia ufito wa chuma uende urefu wake wote, hata nguvu ikahamia mgongoni na wembamba ukabaki penye makali. Mwaka 1655 alipewa hataza ya miaka saba kwa chombo hicho. Mwaka uliotangulia wakuu wa mji wa Boston walikuwa wamemwendea kwa shauri la mtambo wa kuzimia moto. Hali hii yaonyesha fundi ambaye watu humjia na shida, akairudisha ikiwa na umbo la chuma. Alifariki mwaka 1683, miaka mingi baada ya sharika iliyokuwa jirani yake kuvunjika.

Katika karne ya 20 rai ya wataalamu iligeuka. Kuanzia mwaka 1948 Roland Robbins alifukua mahali hapo, akaifunua misingi ya tanuri, sehemu ya gurudumu la maji na kichwa cha nyundo kubwa. Makampuni ya chuma cha pua ya Marekani yakatoa fedha, majengo yakasimamishwa upya na kufunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1968 serikali ya nchi ikayapokea kuwa hifadhi ya taifa. E. N. Hartley, aliyetoa kitabu chake juu ya kazi za Saugus mwaka 1957, alizipekua hesabu na barua za sharika, akamrudishia Leader sifa yake na kumweka Jenks mahali pake pa haki, mpangaji wa maji mwenye akili. Sahihisho hili lilikuwa la lazima. Hata hivyo tusighafilike kwamba wenye mali wa zama zetu, walipojenga ukumbusho, walijenga upya kile kilichojengwa na wenye mali wa zama zile. Nalo tanuri refu lina namna ya kuvuta macho ambayo kibanda cha mhunzi hakina.

Kipimo kilicho bora, kwa maoni yangu, ni kuuliza kitu gani kiliendelea baada ya Hammersmith kufa. Fedha haikuendelea, ilipotea. Majengo yalibomoka, na mwinuko wa mavi ya chuma ukabaki kando ya mto. Watu waliendelea. Ndugu James na Henry Leonard walichukuliwa na watu wa Taunton mwaka 1652, tanuri la kufulia la huko likafanya kazi kwa vizazi vingi, na Henry baadaye akaenda na ujuzi huo New Jersey. Winthrop mwenyewe alianzisha kazi nyingine New Haven. Naye mwana wa Jenks, mwenye jina moja na baba yake, alinunua ardhi mwaka 1671 penye maporomoko ya Pawtucket, katika Rhode Island, akajenga kiwanda cha uhunzi. Kikachomwa mwaka 1676 katika vita vya Metacomet, mkuu wa Wampanoag, ambaye Waingereza walimwita Mfalme Philip. Kikajengwa tena, kikawa kiini cha mji wa mafundi. Mjukuu alikuja akawa gavana wa Rhode Island, kuanzia mwaka 1727 hadi 1732.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunayo sababu ya kulifuatilia jina la Pawtucket. Ni hapo, mwaka 1790, ambapo Samuel Slater, mhamiaji kutoka Uingereza, alipata wahunzi na mafundi waliojua kumtengenezea mashine za kusokota pamba kwa nguvu ya maji, na katika mfano huo vikaenea viwanda vya nguo vya New England. Nguo zao, zile merikani zilizokuwa fedha na vazi kutoka Unguja mpaka Maziwa Makuu, zililetwa na wafanyabiashara wa Salem, mji ulio jirani na Lynn, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani. Nao Richard Waters wa Salem akaja akakaa Unguja kuwa konseli tangu mwaka 1837, merikebu zikirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Sisemi kwamba nyundo ya Jenks ndiyo iliyolifuma shuka la mpagazi wa Tabora. Nasema kwamba mashine za nguo ile zilihitaji mji wenye mafundi wa chuma, na mji wa kwanza wa namna hiyo ulipandwa na mwana wa mhunzi wa Saugus.

Uingereza nayo ilitambua tofauti ya mkuo na mundu. Kwa sheria ya chuma ya mwaka 1750 Bunge liliruhusu mikuo na pau za makoloni ziingie Uingereza bila ya ushuru, likakataza mitambo mipya ya kupasua fito, ya kufulia bamba na matanuri ya chuma cha pua. Yaani koloni litoe malighafi na mji mkuu utoe vyombo, kanuni ambayo wakulima wetu wa pamba na mkonge wanaifahamu bila ya kuelezwa. Lakini sheria ilichelewa: ujuzi ulikwisha kutawanyika katika vibanda visivyohesabika, hata wakati wa kudai uhuru makoloni yalikadiriwa kutoa kiasi cha sehemu moja kwa saba ya chuma chote cha dunia.

Hukumu, basi, igawanywe kwa uadilifu. Winthrop ana sifa ya kuona haja. Sharika ina sifa ya kutoa fedha, ijapokuwa hazikuirudia. Leader ana sifa ya kujenga. Akina Leonard na Waskoti wa Dunbar wana haki ya jasho lao. Jenks hakuwa wa kwanza kusubu chuma, na Lewis alikosea katika hilo. Alichokuwa wa kwanza kukionyesha mahali pale ni kwamba chuma cha koloni chaweza kumlisha fundi kwa kumhudumia jirani, kwa kipimo na malipo ambayo jirani anayaweza. Na bila ya tanuri la wenye mali asingekuwa na pau za kufua. Nchi inayotaka kuanzisha kiwanda leo yafaa iulize mambo mawili kabla ya kuhesabu mtaji: ni nani wa karibu atakayenunua, na ni nani atakayebaki na ujuzi siku wenye mali watakapoondoka. Huko Saugus swali la kwanza lilijibiwa kwa kuchelewa na mtu aliyekuwa pembeni, na la pili lilijibiwa kwa bahati tu.